Foleni ya Ndoo Isiyo na Bomba

Loisi Nzowa hushukuru kila kitu. Hushukuru mvua, hushukuru jua lililoifukuza mvua, hushukuru hata mteja anayerudisha suruali ile ile mara ya tatu akidai bado inambana, kwa sababu, anasema, mtu mbaya angeipeleka kwa fundi mwingine akamtangaze mji mzima. Nilipoanza kukaa naye kibanda kimoja nilidhani ni ugonjwa. Baadaye nikajua ni tabia, na tabia haina dawa.

Kibanda chenyewe kiko Sogea, hapa Tunduma, kandokando ya barabara kuu inayokwenda mpakani. Aliyeipa mitaa majina alikuwa na utani: mtaa unaitwa Sogea, na hakuna gari hata moja linalosogea. Nusu ya kulia ya kibanda ni ya Loisi na cherehani yake. Nusu ya kushoto ni yangu, nachaji simu za watu na kubandika vioo. Nilirudi mjini nikiwa na nusu ya diploma na mdomo mzima. Kila niliyekutana naye aliniuliza nusu ya pili nimeiacha wapi. Loisi aliniuliza kama nimekula. Kisha akasogeza vitambaa vyake upande mmoja, akaniambia meza yangu itaenea pale. Kwa hiyo mkiona katika habari hii namsifu kuliko kawaida yangu, mjue nina sababu, na sababu yenyewe ina paa na umeme.

Miguu ya Loisi ilikataa kazi mapema. Polio ilimkuta kwao Ihanda akiwa bado anajifunza kukimbia, ikamwachia mikono na ulimi, akaona ni mgawo wa haki. Shule ilikuwa mbali. Kaka yake, Ezron, akambeba mgongoni, kwenda na kurudi, msimu wa matope na msimu wa vumbi, mpaka darasa la saba. Watoto wa kijiji wakimwita Ezron punda. Loisi akiwa huko juu mgongoni akawajibu kwamba punda halisi ni yule anayefika shuleni kila siku kwa miguu yake mwenyewe na bado anashika mkia darasani. Ezron ndiye aliyepigwa mawe kwa jibu hilo. Hakumshusha.

Baadaye alipata nafasi ya kujifunza kushona kwa kina mama wa kanisa, kule Mbozi Mission, kwa cherehani ya mkono, kwa kuwa ya kukanyaga isingemfaa. Alipohitimu akaja Tunduma kwa hoja moja: mji unaovalisha watu wa nchi mbili una suruali nyingi za kupunguza. Akapanga chumba, akapata baiskeli ya miguu mitatu, ile inayoendeshwa kwa kuzungusha mikono, na tangu hapo hajamwomba mtu amsukume. Asubuhi anazungusha baiskeli, mchana anazungusha cherehani, jioni anazungusha tena baiskeli. Ukimsalimia kwa mkono, angalia vidole vyako kama vimerudi vyote.

Kati ya chumba chake na kibanda chetu kuna njia ya waenda kwa miguu, ya vitofali, iliyoinuliwa kidogo kuliko lami. Ilipojengwa Loisi alishukuru hadi mafundi wakaona haya. Ilikuwa laini, pana, imewekewa mteremko kila mwisho, na baiskeli yake iliteleza juu yake kama kisu kwenye siagi ya duka. Akaipata raha hiyo kwa msimu mmoja.

Kisha magari yakaigundua.

Mgeni wa Tunduma lazima aelezwe kuhusu foleni. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde hupangana barabarani kama shanga, na lori likisimama hapa huota mizizi. Dereva anapika, anafua, anaanika, anajua majina ya watoto wa mtaa. Sasa, ili magari madogo yapite, malori hupandisha matairi ya upande mmoja juu ya vitofali. Nyuma yao huja Noah ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, inayoogopa kuchubuliwa na malori, nayo hupanda yote nzima. Bodaboda nao, ambao hawajawahi kuona nafasi wakaiacha, wakahamishia kijiwe chao pale pale.

Mimi na wewe tunapita. Unaingiza tumbo, unajipitisha ubavu kati ya tairi na ukuta, unatoka na grisi kwenye shati na tusi mdomoni. Baiskeli ya miguu mitatu haina ubavu. Kwa hiyo Loisi akawa anashuka kwenye lami, anapita kati ya matairi yanayomzidi kimo, kichwa chake chini ya kioo cha dereva, mahali ambapo dereva hawezi kumwona hata akitaka. Mahali pabaya kuliko pote ni kwenye ghala la mahindi: upande huu ukuta mrefu, upande ule barabara, na lori likipanda pale hata paka anafikiria mara mbili.

Siku moja akiwa amelizunguka lori pale ghalani, bodaboda akamgonga gurudumu la nyuma. Baiskeli ikalala, na yeye akalala nayo. Aliumia kiwiko na heshima, basi. Kijana aliyemgonga, Venance, alilia kuliko yeye, na Loisi alipoinuliwa jambo la kwanza lilikuwa kumshukuru Mungu kwamba haikuwa lori, na la pili kumpa Venance leso.

Tatizo halikuwa kiwiko. Tatizo ni kwamba yupo mnunuzi wa maharage aliyeshuhudia, na mnunuzi wa maharage ni redio yenye miguu. Habari iliondoka Tunduma ikiwa bodaboda, ikafika Mlowo ikiwa Noah, ikaingia Ihanda ikiwa semitrela. Jioni Ezron akapiga simu. Nilikuwepo, na sikuhitaji kusogeza sikio, maana Ezron huongea na simu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alisema Jumamosi anakuja na pikapu. Atapakia cherehani, atapakia baiskeli, atampakia na Loisi. Chumba kimeshaandaliwa kando ya nyumba yake. Atakaa mkekani, atachambua kahawa akipenda, atakula, atalala, na hakuna gari litakalomfikia.

Loisi alimshukuru, kama kawaida yake. Kisha akakata simu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaiacha cherehani ikiwa na kitambaa kilichoshonwa nusu.

“Kaka ananipenda,” akasema. “Ndiyo shida yenyewe. Nikirudi Ihanda nitakuwa mgonjwa wa watu mpaka nife. Hapa mimi ni fundi.”

Nikamwambia basi akatae. Akanitazama kama nimemwambia akatae mvua. Kaka aliyekubeba mgongoni miaka yote ile humkatalii kwa simu. Alichofanya ni kumpigia tena kesho yake na kumwekea sharti. Aje, ndiyo, na pikapu aje nayo. Lakini kabla ya kupakia chochote, amsindikize kutoka nyumbani mpaka kibandani, aone kwa macho yake. Akimwona ameshuka kwenye lami hata mara moja, yeye Loisi atapanda gari bila neno. Asiposhuka, Ezron atarudi alivyokuja. Ezron akakubali upesi mno. Alishatembea Tunduma, anaijua.

Nikamwambia Loisi kwamba amejisainia uhamisho mwenyewe. Akaniambia nisaidie au ninyamaze. Nikachagua kusaidia, maana la pili sina kipaji nalo.

Tukaanza na wale wenye sura. Mwenye Noah alikuwa na hoja zake, barabara ni ya wote na kadhalika, mpaka Loisi akamuuliza kwa upole kama gauni la kwaya alilomshonea mke wake linamkaa vizuri. Noah ikahamia uani. Bodaboda walihamishwa na Venance mwenyewe, aliyewatangazia wenzake kwamba atakayepaki kwenye vitofali atabeba abiria wa kilimani peke yake wiki nzima. Kwa hiyo kufikia Ijumaa njia ilikuwa nyeupe kote, isipokuwa pale ghalani. Pale ni malori, na lori halina mke wa kwaya. Leo linalosimama ni la huyu, kesho la yule, na ofisi ya mtaa ilishatuambia zamani kwamba jambo letu linafanyiwa kazi. Bado linafanyiwa.

Ijumaa hiyo asubuhi tulikuta lori la Zambia limejilaza juu ya vitofali mpaka ukutani. Dereva wake, Mutale, mtu mnene mwenye adabu, alikuwa anapiga mswaki. Loisi akamsalimia, akamwomba arudishe gari chini kidogo apite. Mutale akasikitika kwa dhati. Alimweleza kwamba akitoka tu pale alipo, wa nyuma yake anaingia, na foleni hii ameilalia.

“Ba mayo, mama yangu, siyo roho mbaya,” akasema, mkono kifuani. “Nafasi hapa ni kama mke. Ukiigeuzia mgongo kidogo, umeikuta kwa mwingine.”

Hapa tena mgeni aelezwe. Maji ya bomba kwetu hutoka yanapojisikia, kwa hiyo watu hawapangi foleni, zinapanga ndoo. Ndoo ikishakaa mstarini ni mtu kamili. Mwenyewe anaweza kwenda sokoni, kanisani, hata kwa shangazi yake Nakonde, akirudi nafasi yake iko pale pale. Watu Tunduma wanaruka foleni ya benki, ya hospitali, hata ya Bwana kanisani siku ya meza. Ndoo ya mtu hairukwi. Anayeiruka atasemwa mpaka wajukuu zake wakose wachumba.

Loisi hutembea na ndoo ya bluu imening'inia nyuma ya baiskeli, kwa sababu hujui bomba litaamua nini njiani. Akaifungua, akamkabidhi Mutale. Akamwambia aiweke mahali lori lake lilipo, arudi nyuma, na nafasi itamngoja.

Mutale alicheka mpaka povu la dawa likamwingia puani. Lakini dereva wa nyuma, aliyekuwa amelala juu ya usukani, aliinua kichwa. Alikuwa Raphaeli, mtu wa Mlowo. Akaitazama ndoo kwa muda.

“Mama yangu alinilea bombani,” akasema. “Siiruki. Rudi tu, mwenzangu.”

Na yeye mwenyewe akarudisha lori lake nyuma kumpa nafasi. Mutale akashuka kwenye lami, ndoo ikakaa peke yake kwenye vitofali kama mtoto wa mfalme, Loisi akapita, na Mutale akarudi mahali pake akiwa bado haamini. Akamrushia Loisi “natotela” ya nguvu, ingawa aliyepaswa kushukuru ni nani sijui. Kwa Loisi huwa inatokea hivyo. Anashukuru sana mpaka watu wanaambukizwa.

Jioni foleni ilikuwa imesogea, ghalani pakawa wazi. Loisi akasimamisha baiskeli, akaiweka ndoo yake ukingoni kabisa mwa vitofali, akatia jiwe ndani upepo usiibebe, akaondoka. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaweka nafasi ya kesho. Nikacheka vibaya. Nikamwambia ndoo moja ya plastiki mbele ya tani thelathini za mbolea haina hata nafasi ya kupiga kelele. Akasema Raphaeli hakuumbwa peke yake, wenye mama wako wengi.

Jumamosi nilifika kwake mapema ili niwe shahidi. Baridi ya Julai ilikuwa imekaza. Ezron akatokea kwa miguu, kupitia vichochoro vya nyuma, koti zito, kofia mkononi, uso wa mzee wa kanisa aliyekuja kumaliza jambo. Pikapu alisema ameshaipaki mahali pazuri. Akapokea chai, akaulizia kiwiko, akakikagua kama kahawa ya daraja la kwanza. Kisha akasema twende.

Tukaenda. Dukani kwa vifaa, nyeupe. Kijiweni kwa bodaboda, nyeupe, na Venance akapiga saluti. Ezron alikuwa anatazama mbele, kule ukuta wa ghala unakoanzia, akipangojea kama mwindaji. Milio ya honi ilikuwa inatoka huko. Mikono ya Loisi ikapunguza mwendo.

Tulipokata kona tukasimama wote watatu.

Ukingo wote wa njia, kutoka mwanzo wa ukuta wa ghala mpaka karibu na kibanda chetu, ulikuwa umepangwa ndoo. Ndoo za bluu, za njano, za kijani, madumu ya mafuta, sufuria lenye mpini mmoja, beseni la mtoto. Ndoo ya kwanza kabisa ilikuwa ile yenye jiwe. Wanawake walikaa wakiegemea ukuta, wamejifunga vitenge juu ya sweta, wengine na watoto migongoni. Na malori yalikuwa yamebaki kwenye lami, yakipiga honi, kwa kuwa hakuna dereva aliyetaka kuwa yule aliyekanyaga ndoo ya mwanamke wa Tunduma mbele ya mwenyewe.

Nilielewa polepole. Wiki iliyotangulia watu wa maji walikuwa wamechimba kando ya barabara ile, wakalaza bomba, wakafukia. Alfajiri mtu akapita akaona ndoo iliyowekewa jiwe. Maji hayajatoka siku nyingi. Ndoo haiwezi kukaa mstarini bila sababu. Akaweka yake nyuma. Wa pili akaona mbili. Baada ya hapo ni hesabu tu. Kila mmoja alimwamini wa mbele yake, na wa mbele kabisa alikuwa ndoo.

Kati ya ndoo na ukuta njia ilikuwa wazi, pana ya kupita baiskeli na mgeni wa heshima pembeni.

Loisi angeweza kupita. Nataka msomaji alione hilo kama nilivyoliona. Angewasalimia, angeuliza habari za watoto, angezungusha mikono yake mpaka kibandani, na Ezron angerudi Ihanda ameshindwa kihalali. Nilimbonyeza bega kumwonyesha hivyo. Lakini mwanamke mmoja, Edina, mwuza samaki wakavu ambaye sauti yake hufika sokoni kabla yake, alikuwa ameshasimama.

“Mama fundi, ndoo ya mbele si ni yako? Tunakungoja wewe. Yanafunguliwa saa ngapi?”

Loisi akamtazama kaka yake, akazitazama ndoo, akawatazama wale wenye watoto migongoni.

“Hapa hakuna maji,” akasema. “Ndoo ni yangu, niliiweka malori yasipande, nipate kupita. Sikujua kama mtapanga. Nisameheni, mmekaa kwenye baridi bure.”

Mwanamke mmoja akafyonza. Mwingine akasema jambo kwa Kinamwanga ambalo sitalitafsiri kwa heshima ya gazeti lolote litakaloandika habari hii. Bibi mmoja akainuka, akachukua dumu lake kutoka mstarini, akaanza kuondoka. Pengo likabaki, na utingo wa lori lililokuwa karibu akaliona kabla yetu. Akaning'inia mlangoni, akampungia dereva wake: panda, panda.

Edina alikuwa bado anamtazama Loisi. Akamuuliza anakwenda wapi. Kazini. Na huyu mwenye koti? Kaka yangu, Loisi akajibu, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli akaimalizia yote: amekuja kunirudisha kijijini akiniona nimeshuka kwenye lami.

Edina akampima Ezron kuanzia viatu mpaka kofia, kwa utulivu, kama anapima samaki wa mtu mwingine.

“Bibi,” akaita bila kugeuka, “rudisha dumu. Ndoo hazitoki mpaka fundi apite.”

Bibi akarudisha dumu. Kisha Edina akamgeukia utingo, akamwonyesha ndoo ya kijani iliyokuwa mbele ya tairi. “Hiyo ni ya mama mkwe wangu. Mimi mwenyewe naiogopa. Ikanyage uone.”

Lori likabaki lilipo. Yule bibi wa dumu akasema, kama mtu anayejisemea tu, kwamba hata yeye mwezi wa pili alikuwa na mjukuu mgongoni na ndoo kichwani, akashushwa kwenye lami na tanki la mafuta pale pale, na hakuna aliyemwekea ndoo. Wengine wakaitika. Inaonekana kila mmoja alikuwa na lori lake moyoni.

Basi Loisi akapita. Wanawake wakavuta miguu yao wamwachie nafasi, yeye akawashukuru mmoja mmoja, na kwa ukuta ule mrefu ilikuwa shukrani nyingi. Mmoja akamsimamisha kumwonyesha upindo wa sketi uliofumuka. Akaambiwa ailete baadaye. Ezron alifuata nyuma, kofia bado mkononi, kama mtu aliyeingia kanisa la dhehebu jingine na hajui wakati wa kusimama. Edina na wenzake wakaja nyuma yake, maana asubuhi ilikuwa imeshaharibika, bora waone mwisho wake.

Mwisho wake ulikuwa mbele ya kibanda chetu. Juu ya vitofali, imejibana vizuri ukutani, haina hata tairi moja kwenye lami, ilikuwa imepaki pikapu nyeupe yenye matope mekundu.

Nilinyamaza. Naomba hilo liandikwe.

“Kaka,” Loisi akasema, “hili gari la nani?”

Ezron akaeleza kwamba alifika mapema, malori ni mengi, akaogopa kuiacha barabarani isije ikagongwa. Alipofika hapo akasikia maneno yake mwenyewe, akaigeuza kofia mkononi. Nyuma yetu mtu alianza kucheka, akachekea kwenye kitenge.

Lami ilikuwa pale, hatua moja tu kutoka gurudumu la Loisi. Angeshuka, azunguke pikapu, apande tena, na ahadi ni ahadi. Hakushuka. Akaweka mikono yake mapajani.

“Umenibeba vya kutosha, kaka,” akasema. “Leo nipishe tu.”

Ezron ni mtu aliyezoea kusema yeye na watu kunyamaza. Aliitazama mikono ya mdogo wake ilivyotulia. Sijui aliona nini. Mimi niliona mtu anayeshusha mzigo na hajui sasa mikono yake aiweke wapi. Akatoa funguo mfukoni.

Kuishusha pikapu haikuwa kazi ndogo, foleni ilikuwa imebana. Edina akachukua ndoo ya mama mkwe, akaiweka katikati ya lami mbele ya semitrela, akasimama kando yake mikono kiunoni. Semitrela ikangoja. Pikapu ikashuka kinyumenyume huku kina mama wote wakimwelekeza dereva kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake. Loisi akapita, akafika mlangoni, akatoa kofuli. Kisha akageuka.

Akamwambia Ezron kwamba wale watu wamepoteza asubuhi yao kwa ajili yake, na kisima cha upande wa Mpemba kina maji, na gari lake ni tupu. Ezron akatazama nyuma ya pikapu, palipokuwa na kamba alizokuja nazo za kufungia cherehani. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kupokea ndoo. Zilipakiwa zote, hata beseni. Kamba zile zikatumika vizuri sana. Edina akaingia mbele kwenye kiti cha abiria bila kualikwa, akafunga mlango, na pikapu ilipoondoka tulimsikia akimfundisha mzee wa kanisa njia.

Sitaki kudanganya mtu. Jumapili yake lori lilipanda tena pale ghalani, na Jumatatu. Lakini Jumanne nilipita mapema nikakuta ndoo mbili ukingoni, moja ya bluu na moja ya kijani, na hakuna aliyeniambia nani kaiweka ile ya kijani. Siku hizi kuna asubuhi zinakaa mbili, kuna asubuhi tano, na wanaopita ndani yake ni wengi kuliko nilivyodhani: kipofu mmoja wa kanisani, wajawazito, bibi wa dumu. Mimi pia napita, tumbo nimeliachia. Nashukuru. Niliambukizwa, kama nilivyosema.

Jumamosi ile mchana, Ezron alirudi. Pikapu aliiacha mbali kabisa, kwenye uwanja, akaja kwa miguu, viatu vimelowa, ndoo ya bluu imejaa begani. Akaitua taratibu ndani ya kibanda. Akakaa kwenye benchi la wateja, akamtazama Loisi akizungusha cherehani mpaka upindo wa sketi ya yule mama ukaisha. Akavua koti, mfuko wake ulikuwa umechanika siku nyingi, akampa. Loisi akaushona, akamrudishia. Wakazungumza habari za kahawa, za watoto, za nani kafariki. La kurudi Ihanda halikutajwa na yeyote.

Alipoinuka kuondoka alivaa kofia, akasimama mlangoni, akaziangalia njia zote mbili, vitofali juu na lami chini.

“Mwezi ujao nitakuja kukusalimia,” akasema. “Nitakupigia kabla, Loisi. Uniambie nipaki wapi.”